Mkuki Usiotanguliwa na Neno

1. Utangulizi

Mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa letu mara nyingi huishia kwenye ngoma, mavazi, vyakula na hadithi za kale. Hayo yote ni utamaduni, wala hatukatai. Lakini utamaduni wa taifa huonekana pia, na pengine huonekana wazi zaidi, katika namna taifa hilo linavyoingia vitani na namna linavyotoka. Watu wanaowapeleka vijana wao kuua na kufa hudhihirisha wanachokiamini kuliko wanapocheza ngoma. Kwa hiyo hapana budi kusema neno juu ya jambo ambalo limekuwa sehemu ya maisha ya nchi za Afrika Mashariki kwa miaka mingi sasa, nalo ni kupeleka majeshi nje ya mipaka kwa ajili ya kupambana na ugaidi.

Twaandika haya tukiwa Kanazi, katika nchi ya migomba na mibuni iliyo kando ya barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba. Ukiifuata barabara hiyo kuelekea kusini utafika Kaboya, walikozikwa mamia ya askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979. Upande wa pili, kaskazini magharibi, liko daraja la Kyaka, ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mapema Novemba 1978. Watu wa huku hawakuisoma vita vitabuni. Ndiyo maana twadhani tunayo haki, na zaidi ya haki tunao wajibu, wa kusema.

Hoja yetu ni hii: vita vya haki nje ya mipaka vyaweza kuwapo, na taifa letu limewahi kuvipigana. Lakini vita ambavyo sababu yake, adui wake, mpaka wake na hesabu yake havikutajwa mbele ya umma, hivyo ni vita vya kigeni hata kama wanaopigana ni watoto wetu na makamanda wao ni ndugu zetu. Wale wanaotuambia kwamba vita dhidi ya ugaidi si jambo la kuzungumzwa vijijini wala darasani wanatutaka tuuache utamaduni wetu, tushike wa wakoloni. Nasi tunawapinga.

2. Desturi ya kuvitaja vita

Wahenga wa Buhaya hawakuwa malaika. Falme zao, Kianja, Karagwe, Ihangiro, Kiziba na nyinginezo, zilipigana kwa ajili ya ng'ombe, ardhi na urithi wa kiti. Hatuandiki ili tuzipambe zama hizo. Hata hivyo kulikuwa na desturi moja ambayo yafaa itazamwe kwa makini, nayo ni ile ya majigambo, yaani ebyebugo, ambayo wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili wameiingiza katika lugha yetu kwa jina la vivugo.

Shujaa alisimama mbele ya Mukama na mbele ya watu waliohudhuria, akiwa na silaha yake mkononi, akatongoa kwa pumzi moja maneno yaliyopangika: yeye ni nani, ametoka wapi, amepigana na nani, na ataifanyia nini nchi yake. Wengi husoma habari hii wakaona kujisifu tu. Tunaona kuna zaidi ya hilo. Anayejigamba mbele ya hadhira amejifunga. Akisema atasimama mahali fulani, naye akakimbia, wapo mashahidi. Akisema amemwua adui fulani, na adui yu hai, atachekwa na watoto. Kivugo kilikuwa ahadi kabla ya vita na hesabu baada ya vita. Mkuki ulitanguliwa na neno, na neno hilo lilisemwa hadharani, kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa, toka mzee mpaka mchunga mbuzi.

Kadhalika, mpiga enanga hakuimba ushindi peke yake. Tenzi za kishujaa za Buhaya zimejaa usaliti, majivuno yaliyowaponza wakuu, na vilio vya mama na wake. Aliyeuawa alikuwa na jina na ukoo. Huo ndio msingi tunaousimamia: katika utamaduni wetu vita vina jina, vina mashahidi, na wafu wake hawafichwi.

3. Vita vya wenyewe, damu yetu

Ukoloni ulikata uhusiano huo baina ya neno na mkuki. Hapa Kanazi palikuwa makao ya Mukama Kahigi wa Kianja, ambaye alifanya urafiki na Wajerumani tangu mapema, akanufaika nao dhidi ya wapinzani wake. Jumba la Kanazi ni kumbukumbu ya enzi hizo. Wapo wanaomlaumu Kahigi na wapo wanaomsifu kwa werevu wake. Kwetu sisi jambo lenye maana ni kwamba tangu wakati huo nguvu ya kuamua nani ni adui haikuwa tena mikononi mwa watu wa nchi. Adui wa bwana alikuwa adui wa mtumwa.

Matokeo yake yalionekana tarehe 22 na 23 Juni 1915, Waingereza walipovuka Ziwa kutoka Kisumu wakaushambulia mji wa Bukoba, wakaubomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani na kuupora mji. Ugomvi ulizaliwa Ulaya, moto ukawaka Bukoba. Katika vita hivyo hivyo Waafrika maelfu kwa maelfu walibebeshwa mizigo ya majeshi, wakafa kwa njaa na maradhi njiani, na hata leo jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam latukumbusha kikosi kile cha wapagazi. Ilipofika vita kuu ya pili, vijana wa Tanganyika walivaa sare za King's African Rifles wakapelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma kuwapiga watu ambao hawakuwa wamewakosea lolote.

Hakuna aliyewauliza baba zao. Hakuna aliyesimama barazani akaeleza kwa Kihaya, kwa Kisukuma au kwa Kiswahili kwa nini kijana wa Kianja afe katika msitu wa Asia. Huo ndio utamaduni wa kikoloni wa vita: amri hutoka juu, mwili hutoka chini, na maelezo hayatoki kokote. Mwalimu akifundisha historia ya ukoloni akaliacha jambo hili, amefundisha nusu.

4. Somo la 1978

Tazama sasa tofauti. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Waliua raia, wakapora ng'ombe kwa maelfu, wakaharibu mashamba na mali ya umma. Amin akatangaza kuwa ardhi hiyo ni yake. Tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa akiwa Dar es Salaam. Hotuba yake haikuwa ndefu, wala haikuwa na maneno ya kigeni. Alieleza yaliyotokea, akamtaja adui kwa jina, kisha akaweka mbele ya wananchi mambo matatu ambayo mpaka leo kila mzee wa Kagera anaweza kuyarudia: sababu ya kupigana, uwezo wa kupigana, na nia ya kupigana.

Hicho kilikuwa kivugo cha taifa. Mwenye dhamana alisimama mbele ya watu akajifunga kwa maneno. Na kwa kuwa walielezwa, watu waliitika. Wanamgambo walijitokeza, madereva walitoa magari, wakulima walitoa chakula. Kampala iliangushwa Aprili 1979, na Amin akakimbia. Mwaka huo huo mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera.

Lakini tusiishie kwenye shangwe, maana kusifu bila kuhesabu si kujifunza. Vita vilivyoanza kwa kumwondoa mvamizi katika ardhi yetu viliendelea mpaka kumwondoa madarakani katika nchi yake. Twaamini ilikuwa haki. Hata hivyo katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, wakuu kadhaa wa Afrika walitulaumu, na ilibidi tujieleze. Pale Mutukula baadhi ya askari walilipiza kisasi kwa watu wasio na hatia, na ikabidi amri itolewe kwamba raia na mali zao wasiguswe tena. Askari wetu wa mwisho hawakutoka Uganda mpaka 1981. Wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki iliyofuata ilipita miezi hiyo: sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vikawa vitu vya kupangiwa foleni, na magendo yakashamiri mpakani. Na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walikuwa wa mkoa huu huu. Wapo watafiti waliohusisha kuenea kwa maradhi hayo na msukosuko wa vita na biashara ya mpakani. Hata asiyeukubali uhusiano huo hawezi kukana kwamba mkoa uliotoka vitani ulikuwa dhaifu wa kukabiliana na balaa jipya.

Twayaeleza haya kwa sababu vita vya 1978 vilikuwa na sababu iliyo wazi kama jua, vilitangazwa, viliungwa mkono na umma, na vilishindwa na adui. Na bado gharama yake iliendelea kulipwa kwa miaka. Basi vita visivyo na sababu iliyoelezwa na visivyo na mwisho uliotajwa vitalipwa na nani, na kwa muda gani?

5. Jina la adui

Vita vya siku hizi vina jina jipya: vita dhidi ya ugaidi. Yafaa tulichunguze jina lenyewe, maana mwalimu wa lugha ajua kwamba anayekupa jina la kitu amekwisha kukupa nusu ya hukumu yake.

Katika Kiswahili cha zamani gaidi ni mnyang'anyi, mtu mwovu anayewavizia wasafiri njiani. Ni neno zuri, kwa kuwa humtaja mtu kwa tendo lake. Gaidi haambiwi gaidi kwa dini yake, kabila lake wala kilemba chake. Huambiwa gaidi kwa kuwa amemshambulia mpita njia asiye na silaha. Kwa maana hiyo waliolipua balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 walikuwa magaidi: walidai kupigana na dola kubwa, lakini waliowaua, watu 11 hapa kwetu na zaidi ya 200 Nairobi, wengi wao walikuwa Waafrika waliokwenda kazini.

Lakini neno hilo limetumiwa pia kwa namna nyingine. Wareno waliwaita wapiganaji wa FRELIMO magaidi. Makaburu waliwaita hivyo wafuasi wa ANC, na jina la Nelson Mandela lilibaki katika orodha za Marekani za watu wa kuangaliwa kwa sababu za ugaidi mpaka mwaka 2008, miaka mingi baada ya yeye kuwa rais na kustaafu. Nchi yetu iliwapokea hao walioitwa magaidi, ikawapa Kongwa, Nachingwea na Mazimbu, na Kamati ya Ukombozi ya Afrika ikawa na makao yake Dar es Salaam. Wakati huo huo Eduardo Mondlane aliuawa mjini humo humo tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa katika kifurushi. Nani basi alikuwa gaidi: aliyedai nchi yake, au aliyetuma kifurushi?

Hatusemi kwamba leo hakuna magaidi. Tunasema kwamba taifa ambalo liliwahi kukataa kuamriwa nani ni gaidi lisikubali sasa kuletewa orodha iliyoandikwa kwingine na kuipigia mhuri bila kusoma. Marekani iliingia Afghanistan Oktoba 2001 kwa jina la vita hivyo, ikatoka Agosti 2021, na waliofukuzwa mwanzoni ndio waliorudi madarakani mwishoni. Miaka 20, utajiri usio kifani, silaha za kila namna. Lakini adui aliyetajwa kwa jina pana kuliko uwezo wa bunduki hakwisha. Ikiwa tajiri ameshindwa, maskini na aulize kabla ya kuiga.

6. Ruvuma, Beni na Somalia

Sasa tuje kwa majirani na kwetu wenyewe. Uganda ilipeleka majeshi Somalia Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Tarehe 11 Julai 2010 watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala waliuawa kwa mabomu, na kundi la Al-Shabaab likadai kuwa ni kisasi. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Yakafuata mauaji ya Westgate Septemba 2013, watu 67, na ya Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watu 148. Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya ilivamiwa El Adde, na hesabu kamili ya waliokufa ikawa jambo la kubishaniwa kwa miaka. Hatuwalaumu ndugu zetu kwa kupigana na wauaji. Tunalotaka lionekane ni kwamba vita vya ng'ambo havibaki ng'ambo. Mwanafunzi wa Garissa hakuwa amevuka mpaka wowote. Aliyeambiwa kwamba vita hivyo havimhusu, alidanganywa.

Kwetu sisi mambo yamekuwa haya. Mwaka 2013 Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilipeleka askari katika brigedi maalum ya Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo, na brigedi hiyo ikasaidia kuwashinda waasi wa M23 mwaka huo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya askari wetu huko Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa na kundi la ADF, na askari wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa. Kundi hilo, lenye asili ya Uganda, baadaye lilijiunga na mtandao unaojiita Dola ya Kiislamu. Kusini, wapiganaji walianza kuua katika Cabo Delgado Oktoba 2017. Oktoba 2020 walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 waliuteka mji wa Palma, ulio karibu na mradi mkubwa wa gesi. Julai 2021 nchi za SADC zikapeleka jeshi lao, na Tanzania ikawamo, mpaka jeshi hilo lilipomaliza muda wake Julai 2024.

Je, ilikuwa haki kwenda Cabo Delgado? Twajibu: ndiyo. Moto ulikuwa umekwisha kuvuka mto. Tena Msumbiji si nchi ya mbali. Katika miaka ya 1980 askari wetu walikwenda kuisaidia dhidi ya RENAMO, na makaburi ya Naliendele, Mtwara, yashuhudia udugu huo. Lakini kwa kuwa ilikuwa haki, ndiyo maana ilistahili kuelezwa kwa ukamilifu katika kila kijiji na kila shule. Na anayeieleza kwa ukweli hatasema kwamba adui ni mgeni aliyeshuka toka mbinguni. Atasema kwamba Cabo Delgado ina rubi na gesi, na vijana wake walikaa bila shule na bila kazi huku wakitazama utajiri huo ukichukuliwa. Atasema kwamba miongoni mwa wapiganaji wamo wanaosema Kiswahili kama sisi, na kwamba kabla ya hapo, kati ya 2015 na 2017, askari polisi na viongozi wa vijiji walikuwa wakiuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani Pwani, ndani ya nchi yetu. Gaidi wa leo aweza kuwa mtoto wa jirani. Mtoto wa jirani hazuiwi kwa kifaru peke yake.

7. Majibu kwa wapinzani

Wapo wasemao: mambo ya jeshi ni siri, na anayeuliza anamsaidia adui. Jibu letu ni kwamba siri ziko za namna mbili. Iko siri ya njia atakayopita askari usiku, na hiyo hakuna raia mwenye akili anayeitaka. Lakini sababu ya kupigana si siri ya kijeshi. Muda wa kukaa huko si siri ya kijeshi. Idadi ya waliokufa si siri mbele ya mama zao. Nyerere aliyataja mambo makubwa ya vita hadharani wakati adui akiwa ndani ya ardhi yetu, na hatukushindwa kwa hilo.

Wapo wasemao: askari ameajiriwa, amekubali, tena hulipwa; basi umma una habari gani naye? Hoja hii ni ya soko, nayo imeletwa na ubepari. Askari wetu si mamluki. Anapokufa, bendera inayofunika jeneza ni ya wote. Kweli, miili ya waliouawa Semuliki ilipokelewa Dar es Salaam kwa heshima zote, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini heshima ya mazishi haitoshi kuwa badala ya maelezo ya maisha. Kumpigia marehemu mizinga bila kuwaeleza wanaobaki kwa nini alikwenda, ni kumzika mara mbili.

Wapo pia, upande wa pili, wasemao: tuache mambo ya watu, tukae kwetu, tulime migomba yetu. Hawa twawajibu kwa historia ya mahali hapa. Mwaka 1978 watu wa ng'ambo ya mto Kagera nao walikuwa wakilima migomba yao. Kujifungia ndani hakumzuii mchomaji wa nyumba. Tena nchi iliyopokea wapigania uhuru wa nusu ya Afrika haiwezi leo kusema kuwa kilio cha Palma au cha Beni hakiisikii. Umoja wa Afrika si wimbo wa shule. Una gharama, nasi tuko tayari kuilipa tukiambiwa ni kiasi gani.

Wapo mwisho wasemao: sheria zinatosha. Tuitazame sheria basi. Ibara ya 44 ya Katiba yetu yampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita kati ya Jamhuri ya Muungano na nchi yoyote, na yaagiza kwamba Spika aitishe Bunge katika siku zisizozidi 14 ili lilitafakari tangazo hilo. Huo ni utaratibu mwema, nao wafanana na desturi ya kuvitaja vita mbele ya watu. Lakini kundi la magaidi si nchi. Halina mipaka, halina balozi, halitangaziwi vita. Kwa hiyo vita vilivyo vingi zaidi katika zama hizi ndivyo visivyoufikia mlango huo wa Bunge. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 240, yataka idhini ya Bunge kabla majeshi hayajapelekwa nje kwa shughuli za kulinda amani. Hatusemi tunakili ya jirani; twasema tusione aibu kujifunza kwake.

8. Wajibu wetu

Mambo manne yanatakiwa kila mara taifa linapopeleka vijana wake nje kupambana na ugaidi. Kwanza, sababu itajwe mbele ya wawakilishi wa umma, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na adui atajwe kwa matendo yake, si kwa dini wala asili yake. Pili, mpaka uwekwe: mpaka wa mahali, wa muda, na wa lengo, na lengo likibadilika, kama lilivyobadilika 1979, umma uambiwe. Tatu, hesabu itolewe baada ya vita: waliokufa, waliojeruhiwa, fedha iliyotumika, na makosa yaliyotendwa. Nne, chanzo kishughulikiwe. Kijana asiye na shule, kazi wala ardhi, anayehubiriwa chuki kwa Kiswahili fasaha, hapana budi ajibiwe kwa Kiswahili fasaha, na kwa shule, kazi na ardhi.

Katika hili walimu wana sehemu yao ambayo hakuna jenerali awezaye kuifanya. Darasa la historia lisifike Kampala 1979 likakoma hapo kana kwamba askari wetu hawakuinua tena bunduki. Wanafunzi wajue Semuliki kama wanavyojua Kyaka. Wajue Kitaya. Wapelekwe Kaboya, na walio kusini wapelekwe Naliendele. Wasiende kwa gwaride tu, waende kusoma majina na kuuliza kila jina lilikufa kwa sababu gani. Darasa la fasihi lifundishe vivugo, si kama vitu vya makumbusho, bali kama ushahidi kwamba wazee wetu walimtaka mshika silaha ajieleze. Na darasa la uraia lifundishe kwamba kuuliza si uhaini. Aulizaye njia hapotei, na taifa liulizalo halipotezwi.

Vijana mnaosoma ukurasa huu, baadhi yenu mtavaa sare hizo. Mtavuka Ruvuma au milima ya Kongo, au mtapelekwa mahali ambapo leo hatupajui. Mkiwa na sababu mioyoni, mtapigana kama wale wa 1978. Mkiwa hamna, mtakuwa wapagazi wa mizigo ya wengine, kama wale wa 1915, hata kama mizigo yenyewe ni bunduki mpya. Tofauti kati ya hali hizo mbili haiko katika ubora wa silaha. Iko katika neno lililosemwa, au lililonyamazwa, kabla hamjaondoka nyumbani. Taifa na liseme neno hilo kwanza, kisha ndipo mkuki uinuliwe.